Kwenda Burhinyi kwa Piki Iliyoshiba Mafuta

Tangu nirudi, kila anayeleta suruali ya kufupisha anauliza kwanza habari za Burhinyi, anakaa, anacheka, halafu anaondoka na suruali yake ikiwa ndefu vilevile. Kazi imelala. Basi nimeyaandika yote mara moja. Someni, mpeane, halafu mniache nishone.

Nyawera, pale nilipotosheka

Mnanijua. Nilimaliza sekondari, nikanunua cherehani, na toka hapo sijaona sababu ya kwenda mbali kuliko soko la Nyawera. Ziwa ninaliona dirishani; sina haja ya kulifuata. Vita ya kwanza ilipoingia Bukavu, jirani zangu wote walikimbia na magodoro vichwani. Mimi nilibaki chini ya meza ya cherehani. Kuna wanaosema ule ulikuwa ushujaa. Ulikuwa uvivu wa kufunga mizigo.

Sasa ilikuwa vita ya pili, na barabara zilikuwa zinafunguka na kujifunga kama zipu mbovu. Ijumaa moja ukaja ujumbe kwa fonii ya parokia, ile redio ya kuongea na vijiji. Ulitoka kwa dada yangu mdogo, Mama Nsimire, aliyeolewa Burhinyi. Binti yake Nsimire amepata mchumba. Wakwe wamekuja kwa miguu kutoka upande wa Mwenga. Watangoja mpaka Jumapili. Misa ikiisha wakae kidogo, kisha warudi kwao, kwa maana inasemekana njia itafungwa tena na hakuna ajuaye mpaka lini. Baba ya Nsimire alikufa katika vita ya kwanza. Na katika ukoo wetu, mjomba asipokaa kitini, akanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akasema "nimekubali", hakuna ndoa, ni maongezi tu. Mjomba yuko mmoja. Ndiye huyu anayewaandikia.

Nilimwambia mke wangu kwamba nitatuma kukubali kwangu kwa fonii. Yeye alikuwa ameshafunga mfuko wangu, na juu yake koti langu la rangi ya maziwa nililolishona kwa ajili ya sherehe ambazo sihudhurii.

Dereva alikuwa kaka yake, Dido, mtu mzima wa miaka thelathini mwenye majivuno ya watu watatu. Alikuwa na piki ya kurukia milima, iliyobaki pale mradi fulani ulipokimbia vita. Ilikuwa ya deux temps, yaani injini isiyokunywa esansi, yaani petroli, ikiwa tupu: lazima uchanganye humo mafuta mazito ya injini, kidogo, nayo inayachoma pamoja na kukulipa kwa moshi na kelele.

"Shemeki, hii machine inapanda ata ukuta," Dido akaniambia.

"Ukuta wa nani?"

"Ni namna ya kusema."

"Basi isituseme. Itufikishe."

Kutoka mjini mpaka bariyeri

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Nilimkumbatia Dido kiunoni kama mjane anavyokumbatia jeneza, na kila alipokaza mkono nilimpigia kelele: "Polepole!" Akapunguza. Piki ikaenda kwa mwendo wa mama mwenye ndoo ya maji kichwani, ikikohoa. Watu wa miguu walitupita na kutusalimia, wakafika mbele, wakatungojea ili watusalimie tena.

Kabla ya kumaliza mpando wa kwanza ikazimika. Dido akafungua buji, kile kidude kinachotoa cheche ndani ya injini. Kilikuwa cheusi na chenye maji maji, kama kimetolewa kwenye sufuria ya supu iliyoungua. Akakipangusa kwa pindo la koti langu.

"Dido! Hii ni koti ya harusi!"

"Njo tunaenda ku harusi. Bila buji hatuende."

Alikuwa na haki, na hilo liliniuma kuliko koti.

Mbele yetu ilikuwa bariyeri: kamba, bidoni mbili kubwa za mafuta, askari wanne wakichoma mahindi. Nilimsihi Dido asizime, ili tukiruhusiwa tuondoke haraka. Akaiacha ikinguruma chini chini huku tukingoja wamalize kujadili hindi lipi limeiva. Ikanguruma, ikanguruma, halafu ikapiga *paa!* kama bunduki.

Wote tukawa chini. Nawaambia ukweli, mimi ndiye niliyefika chini wa kwanza. Katika safari nzima hapo tu ndipo nilipokuwa na mwendo kasi. Mkubwa wa bariyeri alijitupa nyuma ya bidoni, na tukasikia kitambaa kikipasuka. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa imefunguka nyuma kutoka mkanda mpaka pajani.

"Nani amepiga?" akauliza kwa Kilingala, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa mdomo wa bunduki.

"Ni piki, chef," Dido akasema. "Inakohoa."

"Piki inanipasulia suruali?"

Hapo shemeji yangu, damu ya mke wangu, akaninyooshea kidole. "Chef, huyu iko fundi wa nguo. Mwenye kujua sana mu Nyawera."

Mkubwa akanitazama, akatazama piki. "Toa buji," akamwambia Dido. Akaichukua, akaitupa kati ya makaa, pembeni ya mahindi. "Bila buji hamukimbie. Fundi akimaliza, mutaitoa."

Akajifunga kitenge cha mtu, akakaa kama bibi arusi. Nami nikashona. Kuna mafundi wanaosema hofu inatetemesha mkono. Mimi sijawahi kushona mstari ulionyooka vile. Askari wenzake walikuwa wanamuuliza mkubwa wao kama anataka mahari ya mbuzi au ya ng'ombe, naye akawa anacheka na kunisukuma mguu kwa kiatu: "Fundi, fanya mbiyo, banataka kuniposa."

Nilipomaliza alijigeuza, akajipapasa, akaridhika. Akatupatia hindi moja tugawane. Buji tuliichokoa na kijiti. Ilikuwa kavu, ya kijivu, safi kama sahani ya padri. Dido akaipiga piki teke moja tu, ikawaka.

"Umeona machine?" akaniambia, kana kwamba ni yeye aliyeipika.

Mugogo, na ukarimu unaoua

Mpaka Mugogo ilienda vizuri. Ilikuwa siku ya soko, na mtu akipita na piki siku zile, wakati magari yote yamefichwa au yamechukuliwa, anapokewa kama askofu. Tukasimama kwa mama mmoja aliyeuza esansi katika chupa, imeshachanganywa tayari na mafuta mazito.

Dido akamimina chupa zake ndani ya tangi, halafu akainua kichwa: "Na matabishi, maman?"

Ninyi wa hapa sihitaji kuwafundisha matabishi. Ukinunua maharagi, muuzaji aongeze kiganja juu. Ukinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aongeze wachache juu. Asipoongeza amekutukana, na wewe usipoomba umejitukana mwenyewe. Nimeishi Nyawera miaka yote hiyo. Sijatoka sokoni bila matabishi hata niliponunua sindano.

"Esansi ni bei kali, siwezi," mama akasema. "Nitaongeza mafuta mazito."

Akamimina kifuniko kimoja. Nikaona haitoshi. "Maman, tunaenda ku harusi. Mimi ni mujomba."

"Aka! Mujomba!" Akamimina cha pili. Jirani yake, kwa kusikia harusi, akaleta cha kwake bure. Mzee wa pale pembeni akamalizia kwa baki ya kopo lake. Tulipigiana makofi. Nilipanda nyuma ya Dido nikijisikia mshindi.

Tulikuwa hatujapita hata meza ya mwisho ya soko wakati piki ilipotoa moshi mweupe kama wa kumchagua Papa wa Roma, ikakohoa, ikafa.

Nusu ya njia ya kwenda Walungu tuliisukuma. Tulipangusa buji, ikawaka, tukapanda, nikasema polepole, ikafa. Tukapangusa tena. Mkulima mmoja alitembea nasi muda mrefu, jembe begani, akisikitika.

"Inagonjwa?" akauliza.

"Inapumzika," Dido akasema.

"Ikikufa kabisa, muniuzie. Kuku yangu hazina nyumba."

Walungu, kwa Maman Katarina

Tulifika Walungu jua likizama, tukapokewa na Maman Katarina, mjane wa katekista, anayejulikana na kila mtu wa parokia. Nilitaka kulala tu. Yeye alitaka kutulisha. Akaleta bugali, maharagi, na juu ya maharagi mawese mpaka sahani ikawa ziwa, na kijiko cha mawese cha pili juu ya ziwa.

"Maman, inatosha," nikasema.

"Mugeni wa ku Bukavu hapewake chakula kikavu. Watu watasema nini?"

Nikala. Kuhusu usiku ule sitaandika kitu. Tumbo langu na choo cha Maman Katarina wanajuana, na wafe na siri yao. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, mwepesi kama kitambaa cha bitana, nikimtazama Dido akifungua buji kwa mara isiyo na hesabu. Nyeusi. Majimaji. Jana kwenye makaa ilitoka kavu ikaenda. Kwa mama wa Mugogo tukaishibisha ikafa. Na mimi hapa nimeshibishwa na siwezi kusimama.

"Dido," nikasema. "Cherehani yangu ninaipa tone moja la mafuta. Ukiipa kijiko, haishoni vizuri zaidi. Inatapika ku nguo ya mutu."

"Sasa?"

"Sasa hii piki inatapika. Inakunywa mafuta kupita kiasi. Ni matabishi."

Alinicheka mpaka akakaa chini. "Shemeki, weye ni mutu wa vifungo. Mafuta ni dawa ya injini. Zaidi ya mafuta, zaidi ya nguvu."

"Na maharagi ya jana yalinipa nguvu gani?"

Maman Katarina, aliyekuwa anafagia, akasema hajaelewa kama nimetukana maharagi yake. Nikasema hapana, mama, ninaongea na piki.

Dido hakupenda kushindwa na mtu wa vifungo, basi akanirudishia. "Haya. Lakini na weye! Toka Bukavu: polepole, polepole. Deux temps ikienda polepole haipate moto wa kuchoma ile mafuta. Inabakia mu buji. Na ku bariyeri ni nani aliniambia niache inanguruma?"

Nilitaka kumdharau lakini alisema kweli. Tulikuwa tumeiua wawili, yeye kwa mdomo wake wa kuomba na mimi kwa mdomo wangu wa kulia "polepole".

"Basi tutengeneze," nikasema. "Esansi tupu tutapata wapi?"

Akatazama pembeni. Kumbe ule mzigo aliokuwa amefunga mbele yake kwa gunia, nilioambiwa ni zawadi ya harusi, ulikuwa bidoni ya esansi safi aliyotaka kuuza Burhinyi! Mtu ameomba matabishi njia nzima, amekalia esansi tupu kama kuku na mayai! Nilimwambia maneno ambayo Maman Katarina alijifanya hayasikii kwa sababu ya Jumapili.

Tukamwaga nusu ya ile supu, tukajaza esansi tupu. Buji tukaiweka kwenye makaa kama alivyotufundisha mkubwa wa bariyeri bila kujua. Sponji la kuchujia hewa lilikuwa tope la vumbi na mafuta. Tukalifua kwa sabuni, tukalikausha. Kisha tukaapa mbele ya mjane: yeye hataomba, mimi sitalia. Kengele ya misa ilikuwa inapigwa. Huko Burhinyi nako ilikuwa inapigwa, na misa ikiisha wakwe wangeanza kutazama njia.

Burhale, mahali ambapo ukarimu haukataliki

Kuahidi ni rahisi. Burhale tulisimama tununue chupa moja tu, kwa tahadhari, maana bidoni ilikuwa imekauka. Muuzaji alikuwa papa mmoja, yaani baba mzee, mwenye kofia ya sufu, na bila kuombwa akachukua kopo la mafuta mazito.

"Hapana, papa, asante," nikasema, nikafunika mdomo wa tangi kwa kiganja.

Mkono wake ukabaki hewani. "Unakatala matabishi yangu?"

"Si kukatala, papa. Piki imeshiba."

"Piki inashiba?" Akageukia watu. "Munasikia? Watu ya Bukavu! Wanasema mafuta yangu iko na maji!"

Watu wakaja. Mmoja akanusa kopo na kushuhudia kwamba mafuta ni mazuri. Mwingine akasema baba yake alinunua hapo miaka mingi bila kulalamika. Jua lilikuwa linapanda. Nilieleza habari ya buji, ya cherehani, ya maharagi. Kila nilichoeleza kiliwafanya waamini zaidi kwamba ninadharau. Tungeondoka hivyo, papa yule angebaki na aibu mbele ya wateja wake wote, nasi tungerudi kwa njia hiyo hiyo.

Nikatoa mkono tangini, nikanyoosha mguu. "Papa, nipe matabishi. Lakini mimina hapa. Viatu vyangu ni vya harusi, vimekauka."

Akafikiri. Akamimina. Akainama mwenyewe akapaka kwa kitambaa, kiatu cha kwanza, cha pili, mpaka vikang'aa, na umati ukasema "Aaah." Amani ikarudi. Hatukuwa tumefika hata kona wakati vumbi lote la Walungu lilipoamua kukaa juu ya viatu vyangu.

Kupanda Burhinyi

Sasa sikilizeni aibu yangu ya mwisho: ni mimi niliyesema "Ongeza!" Jua lilikuwa limeshapita utosi, misa ilikuwa imekwisha zamani, na piki iliimba vizuri ilipopewa mwendo. Nikafumba macho, nikataja watakatifu wote wa parokia na wawili wa kubuni, nikasema, "Ongeza, Dido!" Kila tope la njia lilikuja kupumzika usoni mwangu.

Katikati ya mpando wa mwisho tukaona watu wanashuka: wanaume watano wenye vikapu, na mbele yao mzee mwenye fimbo na kofia.

"Banarudi," Dido akasema. "Ni beko, bale bakwe."

"Simama!"

"Ku mupando? Nikisimama hapa inakufa na haiwake tena!"

Basi akaanza kuwazunguka. Ndiyo, ndugu zangu. Tuliwazunguka wakwe kama kuku anavyozunguka mbegu, ndani ya moshi, na mimi nikipiga kelele kila tulipopita mbele ya mzee:

"Nimekubali! Mimi ni mujomba! Nimekubali!"

Wanaume wakakamata mawe. Mzee akainua fimbo. Dido akazima.

"Mujomba wa nani?" mzee akauliza.

"Wa Nsimire, muzee."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini: uso wa masizi, koti lililokuwa la maziwa, viatu vya udongo. "Hapana. Mujomba wa Nsimire hatokake ku nyumba. Ata kwetu Mwenga tunajua. Batu ya huku wamekodisha mutu."

"Ni mimi, muzee!"

"Mujomba ni fundi wa nguo. Fundi anavaa hivi?"

Dido alifungua mdomo; nikamwomba kwa macho asinisaidie. Juu ya njia kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa wamewasindikiza wakwe na kubaki wamesimama. Mzee akawaita. Akashuka dada yangu, macho mekundu, na nyuma yake Nsimire, aliyeshika ncha ya kitenge mdomoni na kutazama udongo.

"Mama," mzee akasema, "huyu ni kaka yako? Sema mbele ya Mungu, leo ni Dimanche, siku ya misa."

Hatukuwa tumeonana toka kabla ya vita. Dada yangu akanikaribia, akatazama. Niliona kabisa kwamba hana hakika, na kwamba hatasema uongo siku ya Jumapili hata kwa ajili ya mtoto wake. Wanaume walishaanza kunyanyua vikapu. Nilipaswa kutaja jina la baba yetu, la mama yetu, kitu cha utoto. Nilikuwa nimechoka.

"Maman Nsimire," nikasema, "hii njia yenu alitengeneza nani, mbuzi? Nimelishwa mawese kama taa, nimemushonea askari matako, nimekaa juu ya hii takataka siku mbili, nafika, na hapa hakuna ata mutu wa kunipa maji?"

Dada yangu akapiga kelele, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka na kulia pamoja.

"Ni yeye! Muzee, ni yeye! Mutu mwingine hawezi!"

Mzee alisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha. Kisha akatua fimbo yake chini. Alikataa kupanda mlima mara ya pili, kwa hiyo kasiksi ikashushwa kwangu, na kiti kikaazimwa nyumba ya karibu, kikawekwa hapo hapo njiani kando ya piki. Nsimire akapiga magoti mbele yangu na kibuyu.

"Tonton, mujomba wangu," akasema chini chini, "nilishaanza kumwambia muchumba wangu kwaheri."

Nikanywa. Nikasema "nimekubali" taratibu, bila kelele, ili mzee asikie kila herufi. Kiti kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na hilo nalo nililisema.